Mabinti wa Njia Kuu: Vileo, VVU na Milango Iliyofungwa Nakuru

Lori litokalo bandari ya Kilindini hupita Mariakani na Mtito Andei, likaivuka Nairobi, kisha likateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Maai Mahiu. Mbele yake ziko Naivasha, Gilgil na jiji la Nakuru, na mwendo wa kiasi cha kilomita 30 baada ya Nakuru uko mji mdogo wa Salgaa, ambapo madereva hupumzika kabla ya kuikabili miinuko ya kuelekea Eldoret na Malaba. Tangu Maai Mahiu hadi Salgaa ni kaunti moja, kaunti ya Nakuru. Katika kila kituo cha njia hiyo pana baa, pana nyumba za kulala wageni, na pana mabinti.

Habari za mabinti hao huku kwetu pwani huzungumzwa kwa minong'ono, na mara nyingi kwa namna ya kujitenga, kama kwamba ni msiba wa watu wa bara. Hoja hiyo haisimami. Usukani wa malori hayo umeshikwa pia na waume na wana wa Changamwe, Jomvu na Mikindani. Tangu mwisho wa 2019, ilipofunguliwa bandari kavu ya Naivasha (ile ambayo Mombasa iliinung'unikia sana, na kwa haki), makasha hupelekwa kwa reli hadi jirani ya Maai Mahiu, na malori huyafuata huko huko. Tuna mabinti zetu katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Nakuru nayo ina Waislamu wake wa siku nyingi, wenye misikiti na madrasa zao. Njia hii ina ncha mbili, na moja imo mlangoni petu.

Huenda msomaji akauliza: yana nini haya na jarida la familia ya Kiislamu? Zina ni haramu, na ulevi ni haramu, na hakuna mstari katika makala haya unaolihalalisha lolote katika mawili hayo. Linaloulizwa hapa ni jambo jingine: binti ambaye tayari yumo ndani ya dhiki hiyo, leo, Ijumaa hii, anakingwaje asipate maradhi yatakayomfuata maisha yake yote?

Kwanza tumjue ni nani. Aghalabu ana umri wa miaka 17 hadi 24. Yawezekana ni mhudumu wa baa. Yawezekana alikuja Naivasha kutafuta kazi ya kuchuma na kufunga maua kandokando ya ziwa, akapata kibarua cha msimu, na msimu ulipokwisha akabaki Karagita na kodi ya chumba juu ya kichwa chake. Yawezekana alilelewa katika mitaa ya Kaptembwo au Rhonda na mama apikaye pombe, akaijua harufu ya busaa kabla hajaijua ya wino. Wapo pia waliong'olewa makwao. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwanzoni mwa 2008, Nakuru na Naivasha zilipowaka moto wa fitina baada ya uchaguzi na maelfu wakalala katika uwanja wa maonyesho, leo ni mtu mzima wa umri huu huu tunaouzungumza. Hatupaswi kushangaa kwamba baadhi ya waliokua katika mahema walikua bila mtu wa kuwauliza wamelala wapi.

Vileo vyao si vile tulivyovizoea kuvililia huku. Sisi wa Lamu, Malindi na Mombasa msiba wetu mkubwa umekuwa heroini na sindano. Katika Bonde la Ufa msiba ni chupa: bia ya baa, chang'aa, busaa na muratina, tena na bhangi, miraa na mogoka, na kwa wale waliolelewa na barabara, gundi ya kunusa. Sindano hupeleka kirusi moja kwa moja kwenye damu, na kwa sababu hiyo serikali na wafadhili waliiogopa mapema. Chupa haiogopwi hivyo, kwa kuwa haibebi kirusi. Ifanyalo ni kuiondoa akili mahali ambapo akili ndiyo ngao iliyosalia.

Itazameni kazi yenyewe. Mhudumu wa baa ya njia kuu mara nyingi hana mshahara wa maana; riziki yake hutoka kwa mteja kukaa sana na kunywa sana, na mteja hapendi kunywa peke yake. Anayenunua chupa tatu hujiona amekwisha kulipa. Usiku ukiingia, ni nani atakayebishana naye juu ya kinga? Wengine kati ya mabinti hawa hunywa kwanza ili waweze kulifanya jambo ambalo wakiwa na akili timamu wasingeliweza. Wapangaji wa mipango hulisahau hili, wakadhani wanapambana na starehe, kumbe wanapambana na ganzi. Uchunguzi uliofanywa huku huku Mombasa mwaka 2000, kwa wanawake wapatao 700 waliokuwa wakiuza miili yao, ulionyesha kwamba waliokunywa kwa kupindukia ndio waliokutana zaidi na wanaume bila kinga, na ndio waliodhulumiwa zaidi kwa nguvu.

Juu ya hayo liweke jambo la jumla. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018, uitwao KENPHIA, ulikuta kwamba kati ya watu wa miaka 15 hadi 64, wanawake 6.6 katika kila 100 walikuwa na VVU, na wanaume 3.1. Mwanamke amezidi mwanamume mara mbili. Maumbile yana sehemu yake katika hilo, na sehemu nyingine ni kwamba binti mdogo hukutana na mwanamume aliyemzidi umri, pesa na sauti.

Kaunti hii ina historia ya kupigana na pombe kwa njia ya sheria. Mbunge wa Naivasha, John Mututho, ndiye aliyeileta bungeni sheria ya udhibiti wa vileo ya 2010, ambayo hadi leo Wakenya huiita kwa jina lake. Ilizuia baa kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi na kabla ya saa nane mchana mwishoni mwa wiki, ikaamuru zifungwe saa tano usiku, ikaharimisha kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na ikaitoa chang'aa katika marufuku na kuitia katika masharti. Nia ilikuwa njema na baadhi ya matunda yake yalionekana. Lakini sheria hufunga saa, haifungi kiu, na haimlipii mtu kodi. Pombe iliyofukuzwa barazani huingia chumbani, na chumbani hakuna shahidi. Msako unapokuja, mpishi wa chang'aa, ambaye mara nyingi naye ni mama wa watoto wanne, huruka ukuta, na binti aliyekuwa akinywa kwake hukimbilia gizani pamoja na yeyote aliye karibu.

Sasa binti huyu anataka msaada. Aende wapi? Akienda zahanati akinuka pombe, ataambiwa arudi akiwa mzima, au atachekwa kwenye foleni na asirudi tena. Akienda kituo cha kurekebisha tabia ataulizwa ada, ataambiwa akae miezi mitatu, na hana wa kumwachia mtoto. Tena vitanda vya wanawake katika vituo vingi ni vichache mno kuliko vya wanaume. Akirudi nyumbani, kuna fedheha ya majirani. Zahanati humwona mlevi, kituo cha ulevi hakimpimi VVU, nyumba humwona aibu. Amesimama baina ya milango mitatu.

Aliye chini ya miaka 18 yumo katika dhiki zaidi, kwani wengi huamini kwamba hawezi kupimwa bila mzazi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2006 haisemi hivyo kwa wote. Mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, aliyekwisha kuzaa, au aliye katika mwenendo unaomtia hatarini, aweza kutoa ridhaa yake mwenyewe ya kupimwa. Mhudumu anayemrudisha akamlete baba yake amemrudisha barabarani.

Mojawapo ya mambo yaliyofanywa kwa busara katika njia hii ni zahanati za kando ya barabara. Mwaka 2006 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na kampuni ya usafirishaji ya TNT ziliona kwamba chakula cha msaada kusini mwa Afrika kinachelewa kwa sababu madereva wanakufa. Pakazaliwa shirika la North Star Alliance, lililogeuza makasha ya mizigo kuwa zahanati na kuyaweka pale malori yanapolala. Salgaa na Maai Mahiu zilipata za kwao. Zahanati hizo hufunguliwa jioni, wakati madereva wamesimama na mabinti wameamka. Busara yote imo katika saa hizo. Zahanati ifungayo saa kumi na moja, baa zikianza kufunguliwa, haiwezi kusema kwamba imemngojea binti wa Salgaa.

Lakini atakapofika apewe nini? Hapa ndipo penye somo ambalo limegharimu miaka. Tangu Mei 2017 Kenya hutoa bure dawa ya kinga ambayo watu huiita PrEP: kidonge kimoja kila siku kwa mtu asiye na VVU, kirusi kikija kikute mwili umejifunga. Kwa anayekimeza kila siku, kinga yake ni kubwa. Tatizo ni hayo maneno "kila siku". Utafiti mmoja mkubwa uliowahusisha wanawake zaidi ya 2,000, baadhi yao wa Bondo katika kaunti ya Siaya, ulisitishwa Aprili 2011 kwa kuwa waliopewa dawa waliambukizwa sawa na wasiopewa. Damu zilipopimwa, ilibainika kwamba wengi hawakuwa wakiimeza. Dawa ilikuwa nzima. Maisha ndiyo yaliyokuwa yamevunjika. Binti anayelala leo kwa rafiki, kesho kwa mgeni, akificha kichupa ambacho kikitikisika kila mtu hudhani ni dawa za mwenye maradhi, atakumbukaje kidonge saa mbili kila usiku?

Tena kuna uvumi unaoua. Wengi huamini kwamba kidonge hicho kikikutana na pombe hugeuka sumu, hivyo siku ya kunywa hukiruka. Na siku ya kunywa ndiyo siku ya hatari! Ijulikane wazi: PrEP haigeuki sumu kwa pombe, wala haipotezi nguvu. Kinachomwacha mtu bila kinga ni kukiruka. Na anayetumia dawa za ARV pia asiache dozi kwa sababu amekunywa. Mwenye kumwambia binti "ukinywa usimeze" amemwambia asijikinge.

Ndiyo maana sindano mpya ya lenacapavir imepokewa kwa matumaini makubwa. Huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika utafiti uliofanywa Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti wa miaka 16 hadi 25, matokeo yake yakachapishwa Julai 2024, kati ya mabinti 2,134 waliochomwa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Kwa binti asiyejua atalala wapi Jumanne, siku mbili za mwaka ni jambo linalowezekana. Hakuna kichupa cha kuficha.

Hata hivyo dawa hizi zina wenyewe, na wenyewe hubadilika. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mapambano haya nchini. Ruhusa ya muda iliyotolewa baadaye iliruhusu PrEP kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Soma tena hapo: mama mjamzito ndani, binti wa baa nje. Vituo vingi nchini vilivyowahudumia walio hatarini zaidi vilifungwa au vikapunguza kazi, na huduma za VVU zikaanza kuunganishwa na foleni za kawaida za hospitali. Kwa mgonjwa aliyetulia huenda hilo likawa na kheri. Kwa binti tunayemzungumzia ni kurudi kwenye foleni ile ile aliyochekwa.

Je, kumpunguzia ulevi kwenyewe kunawezekana? Kunawezekana, na ushahidi umo humu humu nchini. Eldoret, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na watafiti wa Marekani, yaliandaliwa mazungumzo ya tiba kwa Kiswahili, yakaendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari. Wagonjwa 614 wa kike na wa kiume, wenye VVU na wanaokunywa, waliingizwa katika utafiti uliochapishwa 2021, na waliopata mazungumzo hayo walipunguza pombe zaidi ya wenzao waliopewa mafunzo ya afya kwa jumla. Mombasa nako, katika utafiti uliochapishwa 2014, wanawake 818 waliokuwa wakiuza miili na kunywa waligawanywa, nusu wakapata vikao sita vya kuzungumzia pombe. Walipunguza kunywa kwa kiasi kikubwa. Ila, na hapa tusijidanganye, maambukizi mapya ya zinaa na VVU hayakupungua kwa tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Kwa maoni yangu sababu si fumbo: pombe ilipungua, njaa ikabaki. Anayemnasihi binti aache chupa bila kumpa njia nyingine ya kula, na bila kumpa dawa ya kinga wakati anapojaribu kuacha, amefanya theluthi moja ya kazi.

Wako watakaosema kwamba kumkinga mlevi akiwa bado mlevi ni kumtia moyo. Hofu hiyo naielewa, na wengi waliisema miaka ya 2012 na 2013, mabomba safi ya sindano yalipoanza kugawiwa pwani. Lakini taasisi ya Kiislamu ya MEWA, hapa Mombasa, haikuona kuwa dini inaiamuru kuwaacha vijana wafe kwanza. Ilijitia katika kazi hiyo pamoja na kuwatibu ulevi wao. Mwanzoni mwa 2015 hospitali ya Malindi ikaanza kutoa dawa ya methadoni, na wapo leo akina baba wanaosali safu ya mbele ambao mwaka huo walikuwa wakilala mitaroni. Wanawake waliofika kwenye huduma hizo walikuwa wachache mno kuliko wanaume, na kosa hilo la pwani Nakuru haina haja ya kulirithi.

Wanazuoni wametaja mambo matano ambayo sheria ya Mwenyezi Mungu imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Pombe huivamia akili. Maradhi haya huivamia nafsi na kizazi. Aliyekwisha kupoteza moja hakuondokewa na haki ya kulindiwa yaliyobaki. Pombe yenyewe haikuharimishwa kwa siku moja. Katika Suratul Baqara watu walitanabahishwa kwamba madhara yake yanazidi manufaa yake. Katika Suratun Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa walevi. Kisha katika Suratul Maida ikakatazwa moja kwa moja. Hukumu imekamilika na hakuna wa kuirudisha nyuma, lakini Mola aliyewajua waja wake aliwafunza kuacha kwa hatua. Na imo katika Sahihi ya Bukhari habari ya yule mtu aliyeadhibiwa kwa ulevi zaidi ya mara moja, mmoja wa waliohudhuria akamlaani, na Mtume (S.A.W.) akamkataza asimlaani, akashuhudia kuwa mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo. Kufukuzwa hakukuwapo.

Kwa familia zilizo katika jambo hili, haya ni ya kujua. Binti aliyelazimishwa, au aliyekutana na mtu akiwa hajitambui, apelekwe hospitali ya serikali mara moja. Ipo dawa ya dharura ya siku 28 inayoweza kuzuia VVU, lakini ni lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina thamani. Asiogeshwe na kufichwa hadi Jumatatu kwa kuogopa maneno ya watu. Dereva anayerudi nyumbani baada ya wiki tatu za safari apime, na mkewe apime, pamoja. Akikutwa na maradhi akazishika dawa hadi virusi visionekane tena kwenye vipimo, hatamwambukiza mkewe. Aliye na binti Nakuru, Naivasha au Njoro ambaye simu zake zimeanza kuwa fupi na kuja usiku, asianze kwa kuuliza ada ya chuo imekwenda wapi. Amuulize amekula, na analala kwa nani. Mamlaka ya NACADA hupokea simu za walioshikwa na vileo kwa nambari 1192, na waliodhulumiwa kijinsia hupiga 1195. Zote mbili hazitozwi, na mama aweza kupiga kwa niaba ya mwanawe hata kama mwana hajakubali bado kuzungumza.